Gambo ya Ijumaa kwa Tarver

Bi Azelie Guillory hajawahi kumuuliza mtu kama chakula chake ni kitamu. Anakiweka mezani, anageuka, anaondoka. Wapishi wengine husimama pembeni wakiukodolea macho mdomo wa mteja, wakingoja sifa kama mtu anayengoja chenji yake. Yeye hapana. Nimefanya naye kazi miaka tisa chini ya paa moja, mimi kwenye ubao wa kukatia nyama, yeye kwenye masufuria, na sijamwona hata siku moja akiomba sifa, wala akizikataa zinapokuja. Mtu akimwambia, "Bi Azelie, leo umetuua," yeye hujibu, "Ndiyo," kisha anaendelea na kazi yake.

Mwanzoni nilidhani ni maringo. Na mimi nina yangu, sikatai. Jina langu Wendell Pickett, mkata nyama katika nyumba ya Lemuel Tarver, mgahawa wa nyama ya moshi, Mtaa wa Tano, Houston. Kidari cha ng'ombe nikikibonyeza kwa kidole gumba nakwambia kiliingia kwenye moshi saa ngapi na kuni zilikuwa kavu kiasi gani. Babu yangu alikuwa mtu wa moshi, baba yangu mtu wa moshi. Kwetu mtu akiomba mchuzi wa kumwagia nyama kabla hajaionja, tunamtazama kwa huruma. Basi alipokuja mwanamke wa Louisiana akapewa jiko zima, nilinuna miezi na miezi, na hakuna aliyenibembeleza.

Alizaliwa kwenye mashamba ya mpunga karibu na Opelousas, wa saba kati ya watoto tisa. Bibi yake ndiye aliyemfundisha kukoroga unga, mtoto akiwa amesimama juu ya kreti ya soda ili afikie sufuria. Unga na mafuta, moto mdogo, mwiko, na mkono usiopumzika. Unga unaanza mweupe, unakuwa rangi ya karanga, halafu rangi ya senti kuukuu, halafu mweusi wa kahawa tupu, na hapo ukigeuza kichwa kumjibu mtu umeunguza. Bibi hakuwa mtu wa kupiga. Ukiunguza, alikufanya ukamwage mwenyewe uani, kuku wakikutazama, kisha ukarudi ukaanza upya.

Aliolewa na Alcee Guillory, fundi wa kuchomelea vyuma, wakahamia Houston kufuata kazi za viwanda vya mafuta. Yeye akapata kazi katika jiko la shule moja, akawapikia watoto mia nne kila siku kwa miaka kumi na minne. Kipindi hicho hukiita miaka yake ya chumvi ya serikali, kwa sababu chumvi ilipimwa kwa kijiko kilichotoka ofisini. Kisha Alcee akafa, Jumatatu asubuhi, akifunga kamba za viatu. Wiki tatu baada ya mazishi Bi Azelie aliingia kwa Tarver peke yake, akala sahani ya mbavu mpaka mifupa ikawa myeupe, akaja kwenye kaunta akamwambia Bwana Tarver kwamba nyama yake ni nzuri na maharage yake ni aibu. Bwana Tarver alicheka mpaka akashika kifua. Siku ya pili yake mama huyo alikuwa amevaa aproni yetu.

Sasa, mtaa wetu una watu wa aina mbili mezani. Kuna sisi Wabaptisti wa Texas, ambao ng'ombe kwetu ni mwaka mzima. Na kuna wao, Wakatoliki ambao babu zao walivuka kutoka Louisiana na majina yao ya Kifaransa na masufuria yao, wakajenga parokia mitaa mitatu kutoka kwetu. Tunakula pamoja, tunataniana, tunaoana na kujuta pamoja. Lakini Kwaresima ikiingia, siku ya Ijumaa wao hawagusi nyama, na upande wao wa chumba ulikuwa unabaki viti vitupu. Nyumba yetu inanuka ng'ombe tangu kule unakoegesha gari. Hata kama ungewaambia una samaki, wasingeamini kwamba samaki huyo hajasalimiana na ng'ombe njiani.

Bi Azelie alisema atawaleta. Alinunua sufuria mpya isiyojua nyama, akawa anapika humo gambo ya Ijumaa peke yake, mchuzi mzito wa kwao: kaa, kamba, bamia, unga wake mweusi, na supu ya maganda ya kamba aliyoichemsha tangu alfajiri. Kwaresima ya kwanza walikuja watu wanne, na wawili kati yao walikuwa shemeji zake. Ya pili walikuja kumi na mmoja. Hakulalamika, hakupunguza sufuria. Gambo iliyobaki tulikula sisi, na hapo ndipo kununa kwangu kulipoisha, kwa sababu ni vigumu kumnunia mtu huku unamwomba akuongeze.

Mwaka wa tatu akaja Mama Clothilde Rideau. Huyu ni mjane aliyefundisha katekisimu katika parokia ile kwa miaka arobaini na kitu. Kizazi kizima cha mtaa wetu kilipokea komunyo ya kwanza kikimwogopa yeye kuliko shetani. Alikaa meza ya dirishani, akainusa bakuli, akauliza supu imetokana na nini. Bi Azelie akamwambia maganda ya kamba, kitunguu na pilipili hoho, basi. Mama Clothilde alimtazama machoni kitambo, kisha akala. Ijumaa iliyofuata foleni ilifika barabarani, na tangu hapo haijawahi kupungua.

Nayasema haya ili ujue kilichokuwa hatarini mwaka huu. Bwana Tarver ana miaka sabini na tisa na magoti yake yamestaafu kabla yake. Hana mtoto anayeitaka biashara. Wanaume wawili wenye viatu vinavyong'aa walikuwa wanakuja kila mara kukitazama kiwanja, wajenge maghorofa. Jumatano ya Majivu, Bi Azelie akiwa na msalaba wake mweusi kwenye paji la uso, Bwana Tarver alituita akasema hivi: nyama ya Pickett inajulikana mji mzima, lakini nyama peke yake haitashikilia nyumba yeye akiondoka. Kama Ijumaa zote za Kwaresima chumba kitajaa kwa nguvu ya sufuria ya Azelie, basi nyumba atamwachia yeye. Siku moja kisipojaa, anatia sahihi karatasi za wale wenye viatu.

Bi Azelie alisema, "Kitajaa," akarudi kukata bamia.

Usimwone hivyo ukadhani hakujali. Jioni ile nilimkuta chumbani akitembea kutoka ukuta hadi ukuta, akipima kwa hatua, midomo ikihesabu. Aliponiona aliokota kitambaa akajifanya anafuta meza. Aliitaka ile nyumba kuliko kitu chochote alichokitaka tangu Alcee afe, na mimi nilitaka aipate, maana nilikuwa na miaka hamsini na nane na sikuwa na hamu ya kwenda kukata nyama kwa wageni.

Ijumaa tatu za kwanza zilijaa pomoni.

Ya nne, saa tatu asubuhi, nusu ya kamba walioletwa walikuwa wamelegea. Bi Azelie aliwashika, akawanusa, akamrudishia dereva bila maneno mengi. Wale wazuri aliwatosa kwenye sufuria, lakini wasingetosha hadi alasiri. Akaamua aende mwenyewe ghubani kuchukua wengine. Wasichana wawili wa jikoni walikuwa wamezama kwenye viazi na kabichi, basi akaniita mimi kutoka kwenye ubao wangu, akanipa mwiko mkononi.

"Koroga, Pickett. Moto usiuguse. Na usiongeze kitu."

Nikamwambia nimepika tangu hajaijua Houston. Akasema ndiyo maana ananiambia.

Nilikoroga. Baada ya nusu saa nilionja, kwa sababu mtu hawezi kusimama juu ya sufuria kama ile kama askari wa benki. Ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililoniponza. Ilikuwa nzuri, na mimi ni mtu ambaye akikuta kitu kizuri hudhani kimebakiza kukutana naye tu kikamilike. Nilionja mara ya pili, nikaona kuna mahali fulani chini kabisa, nyuma ya kaa na pilipili, ambapo moshi ungekaa vizuri.

Pembeni yangu kulikuwa na ile trei inayokaa chini ya vidari usiku kucha. Kila kinachodondoka kutoka kwenye nyama kinaangukia humo: mafuta, majimaji meusi, chembe za nyama iliyoungua kingoni. Katika nyumba za watu wa moshi trei hiyo haimwagwi. Inaingia kwenye maharage, inaingia kwenye mboga za majani, inaingia kwenye mkate wa mahindi. Marehemu mama yangu aliitia hata kwenye biskuti za Jumapili. Mkono wangu ulikwenda kwenye trei ile kama unavyokwenda kwenye swichi ya taa ukiingia chumbani kwako gizani. Kwaresima nilikuwa naijua, nilikuwa nimeishi nayo miaka tisa. Lakini nilijiambia mafuta si nyama. Nikatia upawa mmoja. Nikakoroga, nikaonja, nikafumba macho kwa raha. Nikatia wa pili.

Saa tano na robo akaingia Mama Clothilde. Yeye huja kabla ya wenzake kwa sababu miguu yake haiwezi tena kuizunguka Njia ya Msalaba. Anasali vituo vyake nyumbani, amekaa, kisha mjukuu anamshusha kwetu kwa gari. Ana miaka themanini na minane na bado anavaa kofia. Nilimpelekea bakuli mwenyewe, na saladi ya viazi kando, maana watu wa kwao huitumbukiza humohumo ndani ya gambo. Nilijiona muungwana kweli. Nikarudi kwenye ubao wangu nikipiga mluzi.

Bi Azelie alirudi kwa mlango wa nyuma dakika ishirini baadaye, ndoo ya kamba kila mkono. Aliziweka chini, akanawa, akachukua kijiko akaonja. Kisha akasimama tu. Nilimwona mgongo wake kupitia mlango, nikajua. Sijui nilijuaje, lakini mluzi ulikatika wenyewe.

"Pickett. Umetia nini humu?"

"Kitu kidogo tu. Mafuta ya kidari."

"Kidogo kiasi gani?"

"Upawa."

"Mmoja?"

"Pawa mbili, Bi Azelie."

Aliuchukua mwiko, akauzamisha mpaka chini, akauinua. Kwenye mwiko kulikuwa na unyuzi wa nyama, mweusi, mrefu kama sindano ya kushonea. Alinionyesha. Ningefurahi angenitukana. Sikuwahi kuona aibu kama ile tangu nizaliwe, na mimi ni mtu mzima niliyewahi kutalikiwa mbele ya kanisa.

Bwana Tarver aliingia na fimbo yake. Nje kengele ya parokia ilikuwa imeshalia, na waliotangulia kutoka kanisani walikuwa wanapanga foleni mlangoni, ukiwasikia wakicheka. Nilimweleza mwenyewe, nusunusu, nikimeza maneno. Mzee alifikiri kwa kasi ya mtu aliyeendesha biashara miaka arobaini na mmoja. Alisema kwa sauti ya chini kwamba hakuna haja ya kulikuza jambo. Nyuzi zichujwe. Padri mwenyewe, alisema, amewahi kutamka hapahapa mezani kwamba mchuzi uliotokana na mafuta hauvunji kitu, sheria inasema nyama. Nani atajua?

Bi Azelie alisema, "Padri ni kijana wa Chicago. Hao walioko nje wamelelewa na bibi zao."

"Azelie, leo ni ya nne. Unakumbuka nilichosema."

"Nakumbuka."

"Nimetoa neno langu. Chumba kisipojaa, nitafanya nilivyosema."

"Fanya," alisema. Kisha akaniuliza kama kuna mtu ameshakula.

Nikamwambia Mama Clothilde.

Hapo ndipo kwa mara ya kwanza katika miaka tisa nikaiona hofu usoni mwa mwanamke yule. Alikaa juu ya ndoo moja tupu. Alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba kila mtu kwenye foleni ile alikuwa pale kwa sababu mjane mmoja aliuliza swali moja akapewa jibu la kweli. Halafu akainuka, akavua aproni iliyokuwa na maji ya kamba, akavaa safi, akafunga mikanda nyuma kwa kuivuta mara mbili. Akapita chumbani, akafungua mlango wa mbele.

Mimi nilimfuata mpaka kwenye kaunta, nikaishia hapo.

Aliwaambia kama anavyosema kila kitu, bila kupamba. Gambo ya leo imeingia nyama. Kosa limetokea jikoni kwake. Kwa hiyo yeyote aliyefunga asiiguse. Kuna kambare, mafuta yake ya kukaangia hayajaguswa, kuna kaa wa kuchemsha na saladi ya viazi, na atakayeona aende zake nyumbani hatamlaumu. Wabaptisti na Wamethodisti, sufuria ni yao.

Kisha mzee mmoja mnene wa kwaya yetu, Deacon Sims, ambaye hupita kila Ijumaa kuchukua mbavu, alitoka nyuma ya foleni akiomba njia. Alisema anawahurumia sana ndugu zake, na kwa kuwahurumia atakula bakuli mbili. Dada mmoja wa Kikatoliki akamwambia ale tatu, kaburi lake tayari ni pana. Watu wakacheka, hata waliokasirika. Lakini mwanamume mmoja aliuliza kwa sauti nani alifanya hivyo, jina lake nani.

Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka kwake, na kisu mkononi. Ningeweza kusema. Nikautazama ubao wangu.

"Ni jiko langu," alijibu Bi Azelie. "Jina la hapa jikoni ni langu."

Wengine waliingia. Wengi walirudi, polepole, wakigeuka kutazama, kama watu wanaoondoka msibani kabla ya chakula. Sikuwalaumu. Bwana Tarver alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na mashine ya kupokelea pesa, uso umekuwa rangi ya majivu, akihesabu migongo inayoondoka.

Kisha Bi Azelie akaenda dirishani. Hajawahi kukaa na mteja, lakini alivuta kiti akakaa. Bakuli la Mama Clothilde lilikuwa limebakiza vijiko vitatu au vinne. Meza za karibu ziligeuka kutazama. Hata Deacon Sims aliacha kutafuna.

"Mama Clothilde. Bakuli hilo lina nyama. Nimekulisha nyama siku ya Ijumaa."

Bibi aliweka kijiko chini, akajifuta mdomo pande zote mbili, taratibu, kwa kitambaa.

"Kijiko cha kwanza tu nilijua," alisema.

"Na ukaendelea kula?"

"Mwanangu, mimi na Mungu tuna mengi ya kuzungumza, hili tutalipangia nafasi. Nilikuwa nakula polepole. Nilitaka kuona kama utakuja."

Bi Azelie akauliza, na sauti yake haikuwa ile ninayoijua, ingekuwaje kama asingekuja.

"Ningemaliza. Ningekuaga vizuri. Wala usingeniona tena hapa, wala usingejua kwa nini." Akalisogeza bakuli. "Haya, liondoe hili. Niletee kambare, na uniambie ni mkono wa nani huo, maana si wako."

"Ni jiko langu, Mama."

"Sawa," alisema bibi, akageuza kofia yake taratibu mpaka macho yake yakanifikia kule kwenye kaunta. Alinitazama kama alivyowatazama watoto wa katekisimu. Nilikata kidari kilekile mpaka vipande vikawa vyembamba kama karatasi.

Saa nane chumba kilikuwa na viti vitupu kumi na tisa. Nilivihesabu mwenyewe, mara mbili, nikitumaini nimekosea. Wateja wa mwisho walipotoka Bwana Tarver alimwita Bi Azelie kwenye meza iliyo karibu na jiko. Mimi nilikuwa nakwangua ubao, na sikuwa na nia ya kuondoka.

Mzee alisema nyumba haikujaa. Bi Azelie akakubali kwamba haikujaa. Mzee akazungusha fimbo yake sakafuni kwa muda.

"Mimi ningenyamaza, Azelie."

"Najua. Ulinishauri hivyo."

"Miaka arobaini na mmoja watu wananipenda kwa sababu ya nyama. Sina hakika kuna mmoja angenirudia kwa sababu nilimwambia nimekosea. Yule bibi atarudi?"

"Atarudi."

"Na wale waliogeuka?"

"Wakimwona yeye, watarudi."

Bwana Tarver akatikisa kichwa, mtu anayekubali jambo lililomshinda. Alisema wale mabwana wa viatu atawapigia simu Jumatatu, wasijisumbue tena. Nyumba ni ya Azelie, na afadhali aichukue sasa wakati yeye bado ana meno ya kuja kula. Bi Azelie alisema, "Sawa." Akanyoosha mkono kuchukua kikombe cha kahawa cha mzee aende nacho, kisha akakirudisha mezani, akaketi. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke, wala hakujifanya ni kitunguu.

Baada ya hapo nilimwendea. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yote yakanipotea, nikasema tu kwamba nilipaswa kusema pale mlangoni na sikusema. Aliendelea kukausha sufuria.

"Wewe ulifanya ulivyofundishwa. Mimi nilijua ulivyofundishwa, nikakuachia sufuria yangu. Nikulaumu nini?" Kisha akaongeza kwamba nikirudia atanitia mimi humo, na nitahitaji kuchujwa sana.

Bwana Tarver, kule mezani, aliuliza kama kuna kilichobaki. Hakuwa amekula tangu asubuhi. Nilimletea bakuli la mwisho, Wabaptisti walikuwa wamekomba karibu sufuria yote. Alikula hadi nusu. Alitazama mlango wa jiko, akatutazama, akashusha sauti kama anayeungama.

"Mungu anisamehe," alisema, "lakini hii ni tamu zaidi hivi."

"Najua," alisema Bi Azelie. "Nilionja kabla yako."

Jumamosi nilichelewa kidogo, kwa sababu sikuwa nimelala vizuri. Nje, chini ya dirisha, foleni ilikuwa imeshaanza, Wakatoliki na Wabaptisti wamechanganyika, kila mtu ana ruhusa ya nyama. Walikuwa wananitazama wakicheka, na Deacon Sims akanivulia kofia. Nikageuka kuona wanacheka nini. Ijumaa, mbele ya mtaa mzima, mwanamke yule alikataa kulitaja jina langu. Sasa alikuwa ameliandika kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni, kwa herufi kubwa kuliko za Tarver: GAMBO YA PICKETT, YENYE MOSHI. JUMAMOSI TU.